Chombo Kikuukuu na Ubao wa Watu

Lipo swali ambalo mafundi wa vyombo hulijibu kwa shoka na randa bila ya kujua kwamba wamelijibu, na ambalo wanafalsafa wamelizungumza kwa karne nyingi bila ya kushika shoka wala randa: chombo kilichobadilishwa mbao zake moja baada ya moja, na kamba zake, na tanga lake, na usukani wake, hata usisalie ndani yake mti hata mmoja katika ile iliyokatwa siku ya kwanza, je, ni chombo kile kile, au ni kingine kilichorithi jina? Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, amesimulia ya kuwa watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya Theseus, yenye makasia thalathini, kwa kuutoa kila ubao uliooza na kutia mwingine mzima mahali pake, na kwamba wenye hekima wa mji ule waliifanya merikebu hiyo kuwa uwanja wa mabishano yao, hawa wakisema ni ile ile na hawa wakisema siyo. Naye Thomas Hobbes, Mwingereza, katika kitabu alichokitoa mwaka 1655, aliizidisha fitina: tuseme yupo mtu aliyeziokota mbao zote zilizotupwa, akaziunga upya kwa taratibu yao ya kwanza, basi sasa merikebu ni mbili, na ipi katika hizo ni ya Theseus?

Nalichukua swali hili na kulipeleka Nyangwe, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Lualaba, katika nchi ya Maniema. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba huko chombo chenye viwiliwili viwili vilivyoungwa kwa miti ya kukingama, ambacho wenye nafasi wa zama zetu hukiita katamarani na kukinunua kikiwa kimekwisha kutumiwa na wengine, kilipata kufanya kazi nzito zaidi ya kuwatembeza watalii. Ya pili ni kwamba huko kuuliza kama kitu ni kile kile hakukuwa mchezo wa barazani baada ya kahawa. Kulikuwa ni kuuliza nani amdai nani.

Henry Morton Stanley alipofika Nyangwe tarehe 27 Oktoba 1876 alikuwa na mashua yake, Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa mbao za mwerezi, urefu wake futi 40, nayo iliundwa makusudi kwa vipande vya kufunguka, ili wapagazi waichukue nchi kavu na mafundi waiunge tena majini. Ilikuwa imekwisha kulizunguka ziwa Nyanza mwaka 1875, na Tanganyika mwaka 1876, kisha ikafunguliwa, ikapitishwa njia ya misafara iendayo Kabambare, ikaletwa hata Lualaba. Mwanafalsafa angependa kujua: usiku ule vipande vilipolazwa kambini, kila kimoja mbali na mwenzake, Lady Alice ilikuwa wapi? Wapagazi, nadhani, wangemjibu kwamba kwa mchana kutwa ilikuwa mabegani mwao, na kwamba uzito wake haukupungua kwa sababu ya kutoonekana umbo lake.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip, alipatana na Stanley kumsindikiza. Wakatoka Nyangwe tarehe 5 Novemba, wakaandamana kwa taabu ya misitu, ya vita na ya ndui, hata tarehe 28 Desemba wakaagana, huyu akarejea na yule akashuka na mto. Watu walikuwa wengi kuliko nafasi ya mashua moja. Ilipoonekana mitumbwi mikongwe iliyoachwa ukingoni, mingine imechakaa na mingine imepasuka, iliokotwa, ikazibwa, ikafungwa pamoja, wakalazwa ndani yake wagonjwa, ikawa hospitali ieleayo. Na baadaye mitumbwi mizima ilipopatikana, ambayo mingi ilichukuliwa kwa nguvu kwa wenyewe wa kando ya mto, ilifungwa miwili miwili kwa miti, isipinduke katika maji makali na katika mapigano.

Chombo cha namna hii kina jambo ambalo merikebu ya Theseus haikuwa nalo. Merikebu ile ilikuwa na mkuku mmoja, na mataruma yaliyosimama juu ya mkuku huo, na mbao zilizoshikwa na mataruma hayo, hata mwenye kuutazama umoja wake aliuona kwa macho. Lakini mitumbwi miwili iliyofungwa ni vyombo viwili vilivyokubali kuwa kimoja kwa muda. Kata kamba, na kila mmoja utakwenda zake, ukachukue samaki au abiria kama ulivyokuwa ukifanya jana. Umoja wake haumo katika gogo la kulia wala la kushoto, umo katika kule kufungwa kwao. Na ajabu ya ufundi ni hii, kwamba kamba ndizo zinazokufa mwanzo. Mtumbwi uliochongwa katika gogo zuri huishi miaka mingi, na ukipasuka huzibwa kwa kipande cha bati kilichogongomewa juu ya lami. Ila kamba husagika kwa kila wimbi, kwa maana viwiliwili viwili haviinuki pamoja wala havishuki pamoja, na ugomvi wao wote hulipwa na kile kinachowaunganisha.

Ndivyo ilivyo hata katika katamarani za fibaglasi. Fundi anayekwenda kukagua moja iliyokwisha tumika hashughuliki kwanza na uzuri wa rangi, bali huenda moja kwa moja pale mihimili ya kukingama inapoingia katika viwiliwili, akitafuta nyufa nyembamba kama unywele. Hugonga sitaha kwa kinyundo, pembe hata pembe, na pale mlio unapobadilika kuwa mzito hujua kwamba maji yameingia baina ya tabaka. Huzifungua bolti, kwa kuwa kutu hula chuma ndani ya tundu ambamo jicho halifiki. Na nyaya zinazoushika mlingoti huzibadilisha zikitimia miaka kumi hivi, zikiwa zang'aa au hazing'ai, kwa sababu nyaya za chuma kile hukatika bila ya kuaga. Na wenye ngalawa wa pwani yetu wayajua hayo bila ya kufundishwa na mtu: matengo hufungwa upya na kufungwa upya tena, na ngalawa huitwa kwa jina lake lile lile. Mtepe nao, chombo cha watu wa Lamu na Pate kilichoshonwa kwa kamba za nazi na kuzuiwa kwa vijiti pasipo msumari hata mmoja, haukuweza kuishi ila kwa kushonwa tena na tena, wala hakuna aliyepata kusema kwamba mtepe ulioshonwa upya ni mtepe mwingine na kwamba deni la mwenyewe limefutika.

Neno hilo la deni limenitoka mapema kidogo, lakini silirudishi.

Tuwapitie kwanza wale wanaosema kwamba kitu ni maada yake. Kauli yao ni nyepesi kuivunja, kwa kuwa kwa kauli hiyo mtu akimpa fundi ngalawa yake aitie ubao mmoja, kisha akarejeshewa, amerejeshewa mali isiyokuwa yake. Nao wanaosema kwamba kitu ni sura yake wana shida ya upande wa pili, kwani mchongaji anayetaka mitumbwi ya kufungwa huichonga miwili kwa sura moja makusudi, upana kwa upana na kina kwa kina, ili ielee sawasawa, na hakuna mwenye akili atakayesema kwamba kwa kufanana huko miwili imekuwa mmoja. Meli ya Liemba katika ziwa Tanganyika huzishinda kauli zote mbili kwa pamoja. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari na kwa reli hata Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitwaliwe na adui, baada ya kuipaka mitambo yake shahamu kwa tamaa ya kuirudia. Ikatolewa chini ya maji mwaka 1924, ikaanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina hili tunalolijua, na katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke ikaondolewa, ikatiwa ya dizeli. Imebadilishwa dola, bendera, jina na mitambo. Hata hivyo abiria wa Kigoma na Kasanga huihesabu kuwa meli moja, nami sioni kwamba wamekosea, ila nataka kujua wanaihesabu kwa kipimo gani.

Waislamu wa pwani na wa Maniema, ambao kwa fikihi ni wafuasi wa Imamu Shafi na kwa itikadi wamefuata kwa kawaida njia ya Imamu Ash'ari, wamerithi katika jambo hili jawabu kali kuliko zote. Wanazuoni wa njia hiyo walishika kwamba sifa ya kitu, rangi yake, ugumu wake, na hata kule kushikana kwa sehemu zake, haidumu nyakati mbili; huumbwa, hutoweka, na Mwenyezi Mungu huumba mfano wake katika wakati unaofuata, wala hakuna kitu kinachojizuia chenyewe kwa nguvu zake. Ukiikubali kauli hiyo, chombo kikuukuu na chombo kilichoshushwa leo asubuhi havina tofauti mbele ya swali letu, kwa sababu kamba iliyofunga mitumbwi miwili hufungwa upya na Muumba wake kila lahadha, fundi awepo au asiwepo. Wengi wameiona kauli hii kuwa ni ya kupita kiasi. Mimi naipenda kwa jambo moja: inatuondolea kiburi cha kudhani kwamba kudumu ndiyo hali ya asili ya vitu na kuchakaa ni ajali, hali fundi yeyote wa vyombo atakwambia kinyume chake.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliligusa swali hili kwa upande wa mwanadamu. Katika kitabu chake cha kuwarudi wanafalsafa alikuta wakipinga kufufuliwa kwa miili kwa hoja inayofanana na ile ya Hobbes: mwili uliokwisha kuwa udongo, udongo ukawa mmea, mmea ukaliwa na mtu mwingine, utarejeshwa kwa nani? Jawabu lake lilikuwa kwamba mtu huyu huyu, tangu utoto hata uzee, viungo vyake vimebadilika kwa chakula na kwa maradhi, vimenenepa na kukonda, naye hakuacha kuwa yeye. Basi Mwenye kumrejesha hashindwi kumrejesha kwa maada yoyote aitakayo. Hoja hii ni nzuri, ila yapasa tuone kwa nini ilihitajiwa. Wanafalsafa wa Athens waliuliza kama merikebu ni ile ile kwa sababu walipenda kujua. Wanazuoni wa dini waliuliza kama aliyefufuliwa ni yule yule kwa sababu anaitwa kwenye hisabu, na haiwi haki mmoja atende na mwingine aulizwe. Kwa hawa, umoja wa mtu ni jambo la mahakama: yule mwenye miaka 60 ni yule aliyekopa akiwa na miaka 20, kwa kuwa kuna anayemdai, na dhima yake haikuchakaa pamoja na ngozi yake.

Hapo ndipo mafakihi, ambao wapenda falsafa huwadharau kwa ukavu wa maneno yao, waliposema jambo ambalo naliona bora kuliko yote yaliyosemwa Athens na London. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho wanachuoni wa pwani wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, umo mlango wa ghasbu, yaani kuchukua mali ya mtu kwa jeuri, na katika mlango huo imo mas-ala ya mtu aliyenyang'anya mti akaujengea. Hukumu yake ni kwamba mti utatolewa, nyumba na ivunjike. Na kama aliutia katika chombo cha baharini, hukumu ni hiyo hiyo, isipokuwa pakihofiwa kuangamia nafsi au mali yenye kuheshimiwa, hapo itasubiriwa. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa hawakukubali ukali huu. Wao walisema kwamba mti ukiisha kujengewa, haki ya mwenyewe huhama katika mti ikaingia katika thamani yake. Lakini Mashafi walisimama papo hapo.

Tuizingatie mas-ala hii polepole, kwa kuwa ndani yake mna falsafa nzima. Ubao umepigwa randa, umekatwa ulingane na wenzake, umegongomewa misumari, umekalafatiwa kwa pamba, umepakwa sifa nje na ndani. Umekwisha kuwa kiungo cha chombo kwa kila kipimo cha Plutarch, na chombo ni kimoja, na nahodha akikihesabu hakihesabu kuwa kimoja kasoro ubao. Pamoja na hayo ubao ule bado ni wa fulani bin fulani. Haukuyeyuka. Unaelea baharini ukiwa ni sehemu ya chombo hiki na ukiwa ni mali ya mtu aliye pwani, kwa wakati mmoja, wala wakati haukati haki hiyo, wala rangi haiifuniki. Wanafalsafa waliuliza kama mbao mpya hukifanya chombo kuwa kipya. Mafakihi waliuliza mbao mpya zimetoka wapi, na kwa kuuliza hivyo wakaona kitu ambacho wale wengine hawakukiona, kwamba kipuri chochote kiingiacho katika chombo huingia pamoja na historia yake.

Mwenye kununua chombo kikuukuu, basi, hununua siri za namna mbili. Ipo aibu ya chombo chenyewe, kama taruma lililoliwa na mchwa wa maji chini ya rangi; hiyo sheria imempa mnunuzi khiyari, akiigundua atakirejesha chombo kwa muuzaji na kutwaa fedha zake. Ipo na haki ya mtu wa tatu iliyojificha ndani ya mbao, na hiyo hana njia ya kumrudishia muuzaji kwanza. Atautoa ubao ampe mwenyewe, kisha ndipo amfuate aliyemuuzia. Kwani Mashafi wanasema kwamba mikono yote inayofuatana juu ya kitu kilichonyang'anywa ni mikono ya dhamana, hata mkono wa asiyejua. Kutojua kunamwondolea dhambi, hakumpi umiliki. Hapa pana tofauti kubwa ambayo watu huichanganya kila siku, tofauti ya dhambi na dhamana: dhambi humkaa aliyetenda na kufa naye akaenda nayo kaburini, na dhamana hukaa penye kitu, ikahama mkono hata mkono pamoja nacho.

Na sasa turudi Nyangwe, tena turudi nyuma ya mwaka wa Stanley. Mji huo ulisimamishwa na wafanyabiashara Waarabu na Waungwana kutoka pwani katika miaka ya 1860, ukawa kituo chao cha mwisho upande wa magharibi, na soko lake likavuta watu wa kandokando zote mbili za mto, wanawake kwa wingi kuliko wanaume, wakija na samaki, mafuta na mihogo. David Livingstone aliwasili mwezi wa Machi 1871, akitoka kuugua muda mrefu katika nchi ya Kabambare, akakaa miezi kadha akitafuta mtumbwi wa kumvusha, asipate. Wenye mto hawakuwa wajinga. Walikwisha kuona wavushwaji wa namna ile wakifika ng'ambo hufanya nini. Tarehe 15 Julai, siku ya soko, watu wa Dugumbi, mmoja wa wafanyabiashara wale, walianza kupiga bunduki ndani ya umati. Watu wakakimbilia mitumbwi iliyokuwa imebanana horini, ikashindwa kutoka, wakajitupa majini. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa baina ya 330 na 400. Dugumbi aliwatia watu katika mtumbwi mmoja ulioachwa, wakawaokoa 21. Livingstone, ambaye karatasi na wino vilikwisha kumwishia, aliyaandika hayo juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino alioutengeneza kwa mimea ya nchi, na baada ya siku chache akaupa mji ule mgongo, akarejea Ujiji.

Waandishi wengi wamezungumza juu ya siku ile kwa sababu ya maiti, na hivyo ndivyo ipasavyo. Mimi, kwa ajili ya swali hili, naitazama mitumbwi iliyobaki tupu horini jioni ile. Mtumbwi hautupwi, gogo lake ni kazi ya siku nyingi za shoka. Tukidhani, kama akili inavyotulazimisha kudhani, kwamba ilishikwa, ikazibwa nyufa, ikatiwa makafi mengine, ikauzwa, ikavusha mizigo ya watu wengine miaka iliyofuata, basi kila kiraka kilichowekwa juu yake kiliufanya mtumbwi kuwa mzima zaidi na swali kuwa gumu zaidi. Wenyewe walikuwa chini ya maji. Mitumbwi ilikuwa yao.

Katika Kurani imo hadithi ya mja mwema, ambaye wafasiri wamemtaja kuwa ni Khidhri, aliyepanda chombo cha maskini pamoja na Nabii Musa akakitoboa, na Musa akakasirika, kwa kuwa hakujua kwamba mbele yao palikuwa na mfalme akinyakua kila chombo kizima. Wafasiri wameongeza kwamba baada ya hatari kupita, wenyewe walikiziba wakaendelea na kazi yao. Nimeifikiri hadithi hii kila niwazapo wenye mto wa Lualaba na mitumbwi yao waliyokuwa wakiificha wageni: Livingstone hakupata, na msafiri Cameron, aliyekuja mwaka 1874 kwa haja ile ile, hakupata. Katika nchi yenye wanyakuzi, uchakavu ni sitara, na fundi anayekitia chombo kiraka siku isiyo yake huweza kumsogezea mwenyewe msiba.

Mji wenyewe nao umebadilishwa mbao. Tarehe 4 Machi 1893 majeshi ya dola ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, yakiongozwa na afisa wake Dhanis, yalivuka Lualaba kwa mitumbwi ya Wagenya, ambao ndio wenye mto tangu kale na ambao walikuwa na sababu zao za kuileta safari hii. Nyangwe ikatwaliwa, na mwezi wa pili yake Kasongo. Daktari Hinde, aliyekuwamo katika msafara huo, ameandika kwamba mji mkubwa uliteketea hata ukabaki nyumba moja yenye boma. Wakaja wakubwa wengine, na wamisionari, na barabara, na biashara ikahamia Kasongo na Kindu. Waliokuwa watwana walizaa watu waliojiita Waungwana, wakaswali misikiti ile ile, na mpunga ulioletwa na misafara ile ukawa chakula ambacho Maniema inajulikana kwacho. Pembe zilizotoka hapo zilikwisha zamani kugeuzwa funguo za piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Na lugha hii ninayoiandika, iliyofika Lualaba kwa miguu ya watu waliofungwa minyororo na ya wale waliowafunga, inasemwa leo na wajukuu wa pande zote mbili, aghalabu ndani ya mtu mmoja.

Je, ni mji ule ule? Atakayejibu kwamba siyo, kwa hoja ya kuwa hakuna aliye hai katika watu wa 1871, amechukua kauli ya maada, na anapaswa kutueleza kwa nini basi huchukua jina la mji, na ardhi yake, na kumbukumbu yake ya kuwa chimbuko la Uislamu katika Kongo. Huwezi kuipokea merikebu ya Theseus kwa fahari na kuikana kwa deni. Na atakayejibu kwamba ni ule ule, kisha akamshika mwenyeji wa leo shati akamwambia wewe ndiwe muuaji, amechanganya dhambi na dhamana, na dini imekataa wazi kwamba mtu atwikwe mzigo wa mwenziwe. Kauli ya mafakihi hupita baina ya hao wawili bila ya kuwabembeleza: mwenyeji wa leo hana kosa, na ubao, ukiwa bado umo mikononi mwake, si wake. Hayo humfika mjukuu wa Muungwana, humfika na mwenye piano.

Yupo atakayesema kwamba wenye mitumbwi hawajulikani, wala warithi wao, na kwamba haki isiyo na mdai imekufa. Sheria ililitazamia hilo pia. Mali iliyopotelewa na mwenyewe, kukiwa hakuna tumaini la kumjua, haiwi ya aliyeishika. Huingia katika maslaha ya watu wote, hutumiwa katika mambo kama madaraja, na njia, na vivuko. Lau mtu angetaka kuitekeleza hukumu hiyo pale Nyangwe, asingehitaji kwenda mbali kutafuta jambo la kuanzia, maana mto upo pale pale na watu bado wanavuka.

Wengine husema: tungojeni, chombo kiko safarini, kina abiria, tukianza kung'oa mbao sasa tutazama sote, tukifika tutahesabiana. Na kweli Nawawi ameruhusu kungoja, kwa ajili ya roho zilizomo. Lakini waliokifafanua kitabu chake walijua watu walivyo, na jinsi safari isivyokosa bandari nyingine ya mbele yake, kwa hiyo wapo walioliweka wazi jambo hilo: pwani inayongojewa ni ile iliyo karibu kabisa ambayo chombo chaweza kuifikia kwa salama, hata ikiwa ndiyo waliyotoka, wala si ile waliyokusudia kwenda, na kwa muda wote huo wa kungoja, mwenye ubao apewe thamani yake mkononi, na ujira wa ubao uhesabiwe tangu siku ulipochukuliwa.